Kwaya ya Chumba Namba Tatu

Maikrofoni niliinunua stesheni, Tabora,
kwa mtu aliyekuwa akiwahi treni ya Mpanda
na aliyehitaji nauli kuliko sauti.
Aliifunga kwenye gazeti kama samaki.
"Isemeshe kwa pembeni," akasema, "haipendi herufi P."

Kweli haipendi.
Neno "Pasaka" liliipiga kibao,
mstari wa kipimo ukarukia kwenye wekundu.
Nikakunja henga ya waya, nikaifanya duara,
nikaivalisha soksi ndefu ya dada yangu Kalunde
(akiulizia, mimi sikuiona).
Sasa P inapita kwenye soksi
inaingia taratibu, kama mgeni aliyevua viatu.

Trei za mayai thelathini nilizigandisha ukutani.
Mrisho wa chipsi akauliza, unafuga kuku?
Nikamjibu nafuga ukimya, nao hautagi.
Zaidi ya hapo trei hazikunisaidia kitu.
Kilichosaidia ni mablanketi mawili, yale mazito,
na godoro nililolisimamisha nyuma ya mgongo.
Nitalala wapi, hilo la baadaye.

Mchana haiwezekani. Isevya ina bati lisilo na dari,
jua likipanda bati linajinyoosha, tak,
katikati ya ubeti, tak.
Kwa hiyo ni usiku, saa tano kwenda mbele,
majogoo ya jirani yakiwa bado na adabu.
Linabaki friji la Bi Nyamizi, upande wa pili wa ukuta.
Wiki nzima nimepigana nalo.
Mwisho nikasikiliza vizuri: linanguruma noti moja, haliteteri.
Nikauhamisha wimbo mzima,
do yangu ikawa do ya friji.

Kidole kimoja hakivunji chawa,
mwalimu wa kwaya aliniambia siku ile naondoka,
na mbele ya watu.
Nakubali, mwalimu.
Ila hujui kwamba siku hizi naazima
kidole changu cha jana.
Cha jana kinashika huku, cha leo kinabana huku,
chawa anapatikana.

Sauti ya tatu ndiyo yangu, niliyozaliwa nayo.
Ya pili nimeikopa kwa kubana koo.
Ya kwanza naiimba nimefunga dirisha na macho,
maana sitaki kujua nafananaje.
Ya nne, besi, sina.
Nikangoja. Mwezi wa sita baridi ikaja na vumbi la tumbaku ghalani,
nikashikwa na mafua mazuri sana,
nikaamka naongea kama ngoma.
Siku tatu sikugusa tangawizi wala asali.
Niliimba besi yote, hadi "Amina".

Usidhani tunaelewana humu.
Wa pili anachelewa. Kila anachoimba
kinarudi masikioni kimekawia kidogo, kama mtu anayelipa deni,
naye anakingoja, basi wote tunangoja.
Nimemgombeza. Amenijibu kwa sauti yangu.
Na yule wa tatu wa kwanza kabisa,
aliyeimba vizuri kuliko sisi wote,
luku iliisha akiwa ubeti wa nne
na sikuwa nimehifadhi.
Nimemrudia mara kumi na moja. Siyo yeye.

Jana alfajiri nilichomoa vipokea sauti,
nikawaachia wanne wote chumbani, mara moja tu, kwa sauti ya chini.
Sikulia. Niliinama kutafuta soksi.

Hodi.
Bi Nyamizi, khanga begani, bili ya maji mkononi.
"Mnalala wangapi humu? Maji tunalipa kwa vichwa."
Akatazama mlangoni, akahesabu kandambili:
jozi moja, na ya kushoto imeshonwa kwa waya.
Akachungulia nyuma ya godoro,
akainua blanketi, akalirudisha.
Akasimama kidogo.
"Yule mwenye sauti nene yuko wapi?"

Alikuwa mafua, Bi Nyamizi.
Amepona.