Tone Moja

Aprili, Akita. Mierezi imemwaga chavua
hata magari yote ya mtaani yamepakwa manjano.
Chizuru amejitoa damu mwenyewe, kichupa kimoja,
akachuja seli nyeupe, akaziweka chini ya hadubini.

Zimetulia. Zimebeba chembe za sumu tumboni
kama mtu aliyeficha kiberiti kwapani.

Anadondosha tone: ishara ile ile
inayotumwa na pua iliyokereka.
Moja inageuka. Ya pili. Mara kundi zima
linajivuta kuufuata wito usio na adui,
kwenda kuwasha macho, kuwasha koo,
kuwasha moto katika nyumba iliyozilea.

"Nani kawaita?"
Anajua nani.
Anapiga chafya, kioo kinatikisika,
nazo zinazidi kutambaa, tiifu,
tiifu mno.