Daftari la Freij

Bei kwanza, maana nilizihesabu zote kabla sijatoka Kairo:
pauni mia mbili kwa usiku, kibanda cha matete,
godoro moja, blanketi lenye picha ya chui,
choo cha pamoja, maji ya kuogea yenye chumvi kidogo.
Umeme mpaka saa nne usiku. Baada ya hapo, alisema Freij,
kila mtu na nyota zake.

Kibao cha kambi kimeliwa na hewa ya bahari;
imebaki herufi moja, nayo haisomeki.
Basi la Taba lilinitema barabarani saa saba mchana,
mimi, begi, na tikiti nililonunua kwa kuogopa njaa.
Hakunipokea mtu. Alinipokea paka wa chongo,
akalikagua tikiti, akanipa mgongo.

Freij alikuwa amelala. Akafungua jicho moja, kama paka wake:
"Chagua kibanda. Vyote vina bahari."
Nikaomba ufunguo. Akacheka mpaka akaketi.
Mlango ni pazia, na pazia lenyewe
ni shuka la hospitali, mhuri ungali pembeni.

Juu ya friji kuna daftari la shule
na kalamu iliyofungwa kwa mshipi wa kuvulia.
Ukinywa, andika. Ukila, andika.
Hakuna anayekuchungulia.
Nikaandika kwa mkono wangu wa karani:
chai moja. Chai moja. Maji, chupa kubwa. Mayai mawili.
Siku ya kwanza niliandika hata saa.

Kibanda cha tatu yumo Ingi, nesi wa Iskanderia.
Amekuja kulala. Si kuogelea, si kupiga picha.
Usingizi wa miezi kumi na moja ya zamu za usiku
anaudai hapa, saa kwa saa.
Akiamka hula mkate na jibini akiwa wima,
kana kwamba kengele ya wodi italia,
huandika daftarini, hurudi kulala.
Siku ya nne alikula ameketi.
Hatukusema neno. Freij aliongeza kuni, akabandika birika.

Bahari hii haina makelele,
inapumua kama mtu anayesoma kimoyomoyo.
Hatua kumi, na sakafu inakatika ghafla.
Nilizamisha uso kwa miwani ya kuazima, inayovuja;
samaki wa manjano akanitazama
kama nimeingia ofisini bila hodi.

Ng'ambo ni milima ya Saudia:
asubuhi ya kijivu, adhuhuri haipo,
jioni inaiva kama ganda la komamanga.
Simu yangu iliamini nimeshavuka,
ikanikaribisha huko mara mbili, na makato juu.

Kiarabu changu cha Kairo hakikumtosha Freij,
tukaokoteza vilivyobaki:
mimi samaki, yeye samak; mimi sukari, yeye sukkar;
mpaka tukafika kwenye "kesho", tukakwama.
Alinyoosha kidole mashariki, akakizungusha,
akaona kazi kubwa, akaacha.

Siku ya sita nilijumlisha. Mara tatu, ukarani haufi.
Freij hakuitazama jumla. Alifunua kurasa za nyuma,
za mwaka juzi, zenye madoa ya dengu:
Tomasz, chai tatu. Mama wa Mansura, samaki mkubwa.
Mwingine hana jina, ana tikiti tu.
"Na hawa?"
"Watakuja."
"Wasipokuja?"
Akamwaga machicha ya chai mchangani.
"Basi ilinyweka."

Dawa ya deni ni kulipa, ndivyo nilivyolelewa,
na nililipa: malazi, mayai, mkate, maji.
Kisha, basi likipiga honi kule juu,
nikanywa chai moja zaidi, wima, ikiniunguza ulimi,
nikaandika jina langu, nikaandika chai,
nikaifunga pochi.

Paka wa chongo aliniona.
Hatasema.