Matumizi Hayajulikani

Mji huu jina lake maana yake mashua,
ila bahari haina habari nao.
Hata mito yake, viwanda viliinywa,
kilichobaki kikafukiwa chini ya reli za tramu.

Mimi ni mlinzi, zamu ya mchana, ghorofa ya pili,
makumbusho ya ufumaji, Łódź.
Kiti cha mbao, redio marufuku.
Nawaona wakipita na viatu vyao laini:
wanasoma ukuta, hawasomi mashine.

Kwenye kabati la kioo, namba mia mbili na kumi na mbili,
kilikaa kipande cha chuma, bapa, chembamba,
ncha imepinda kama kidole cha mtoto anayemwita paka.
Kadi ikasema:
*Kifaa. Chuma. Matumizi hayajulikani.*

Alhamisi, siku ya bure, akaingia Bi Genowefa
na mfuko wa viazi, theluji begani.
Akasoma. Akasoma tena, midomo ikitembea.
Kisha akacheka, cheko la mtu
aliyelikuta jina lake kwenye orodha ya marehemu.

"Hayajulikani kwa nani?"

Akanidai nifungue. Sikuwa na ufunguo.
Basi akanionyesha hewani:
uzi wa mtande unausukuma hivi, unaudaka huku,
jino la chanuo baada ya jino,
elfu mbili mia nne kabla ya chai ya saa nne,
na msimamizi nyuma yako anahesabu kwa kikohozi.
Vidole vimevimba viungo,
vinakumbuka kuliko kabati.

Nikamwita mkurugenzi, Bwana Kornel,
kijana wa digrii mbili. Akaja na daftari.
Sifa moja nampa: hakumkatiza.
Wiki ya pili kadi ikabadilishwa.
Ya tatu, kiti kikaletwa.
Ya nne wakaja wenzake, Longina na Teodozja,
viziwi wa mashine, wakisalimiana kwa kelele
kana kwamba ukumbi bado unanguruma.
Wakaitia mafuta mashine kongwe. Ikakohoa,
ikatoa shubiri mbili za kitambaa kibaya,
na Solomiya, aliyefika na mama yake kutoka Kharkiv,
begi moja, lugha haijamkaa,
akakiweka shavuni, akakataa kukirudisha.

Magazeti yakaja. Halmashauri ikaja na utepe na mkasi.
Hotuba ilitaja neno "uhai" mara tisa,
nilihesabu, sina kazi nyingine.
Mtaa ukapakwa rangi. Mkahawa ukafunguliwa,
kikombe kimoja kwa bei ya mfuko wa viazi.
Nyumba za wafumaji, matofali mekundu, masizi,
zikaitwa za kihistoria,
na cha kihistoria kina kodi yake.
Machi, barua ikamfikia Bi Genowefa:
ahame, kuna ukarabati.

Sasa anakaa kwenye maghorofa ya pembezoni,
tramu mbili na mwendo wa miguu.
Nilimuuliza Bwana Kornel.
Alivua miwani, akaipangusa, haikuwa na vumbi.
Aliandika barua tatu, alisema.
Naamini. Nakala nimeziona:
zimo kabatini, zimepewa namba.

Jengo hili limempa nini, limemnyang'anya nini,
msiniulize mimi.
Mizani ya pamba iko ghorofa ya chini,
na imeharibika tangu vita.

Ila Alhamisi yupo. Anafika amevimba miguu,
analaani tramu, analaani halmashauri,
anakaa na Solomiya mbele ya chanuo.
"Usitazame mkono wangu, we mtoto. Tazama uzi."
Msichana anaudaka. Unamponyoka. Anaudaka.

Kabati la mia mbili na kumi na mbili liko tupu.
Chini ya kadi, kwa penseli, bila ruhusa,
nimeandika: *Kimetoka. Kipo kazini.*

Saa kumi anafunga mfuko wake.
Tramu haimsubiri mtu.