Mia na Hamsini na Nne

Bangili ilibidi ikatwe, mkono ulikuwa umevimba.
Mama Damayanti hakulia. Aliuliza bei ya dhahabu leo,
akavifunga vipande viwili kwenye pindo la sari,
ndipo akaulaza mkono juu ya meza ya eksirei
kama mtu anayeweka samaki kwenye mizani asiyoiamini.

"Mifupa ni mia mbili na sita," nikajitia hodari.
Mwaka wa pili huu Mnazi Mmoja, nimeikariri yote
kwa Kilatini na kwa woga wa mtihani.

"Baba yangu akihesabu mia tatu na sitini.
Duka lake la dawa lilikuwa Kiponda, vidato vitatu chini ya njia.
Hiyo mia na hamsini na nne umeitia wapi, mwanangu?"

Akaanza. Kucha ishirini, mifupa.
Meno thelathini na mawili, na vitundu yanamokaa, mifupa pia.
Gegedu la pua, la sikio: mifupa michanga,
ambayo bado haijakata shauri.
Mbavu ni bangili. Paja ni tete.
Fuvu ni vigae
vilivyoungwa na fundi asiyeficha mshono wake.

Nikacheka kwa adabu. Ukucha si mfupa, mama,
hauna uboho.

"Na maiti akishachomwa, unajua kinachobaki?
Baba nilimwokota asubuhi kwa vidole hivi.
Hakufika hata mia mbili zako."

Nikanyamaza.
Chuoni, nina miaka saba, Maalimu Khatibu alitwambia
viungo ni mia tatu na sitini,
na kila kimoja kinadai sadaka yake kila kunapokucha.
Usiku ule nililala nikijipapasa, nikihesabu.
Sikuvuka arobaini.

Picha ikatoka. Minane ya kifundo imetulia, kete za bao,
na juu yake, upande wa dole gumba,
ufa mwembamba kama unywele.

Nilipokuwa nikilowesha plasta ndipo nikamwambia:
mtoto huzaliwa na karibu mia tatu,
kisha hushikana, kipande na jirani yake,
na huko kukua kwetu ndiko kupungua.

Akafikiri. Maji ya plasta yakawa ya vuguvugu.
"Basi baba alianza kuhesabu mapema," akasema,
"na wewe umechelewa."

Halafu: "Kucha ziache nje.
Hizo tano nitazihesabu mwenyewe."