Jiwe la Kunolea

Nililikata mimi, kwa msumeno wa almasi,
Chiromo, chumba cha chini, maji yakitiririka kijivu:
pande sita, kila ubavu sentimita tano.
Mghoi alilitoa Mwatate ndani ya mfuko wa unga,
nyuma ya jiko la bibi yake, lilikokuwa likinoa visu.

Akaligeuza kwenye taa. Ulanga umelala
safu juu ya safu, kama chapati iliyokunjwa mafuta
kabla ya moto. Ila huu moto uliuonja,
huko chini sana, ukakandamizwa
hadi kila chembe ikachagua pa kulalia.

Tulingoja saa nane usiku,
malori ya Waiyaki Way yaache kutikisa meza.
Wimbi likifuata safu: kilomita sita na nusu kwa sekunde.
Wimbi likikatiza safu: tano nukta tisa.
Mashine imelewa, nikasema.
Nikapangusa vihisio, nikapaka jeli upya.
Tano nukta tisa.
Chai yangu imeshafanya utando.

Na mimi ni mtoto wa mpasua kuni, Kangundo;
nilichapwa kwa kupiga shoka kinyume cha ulalo.
Lakini jiwe nilidhani ni jiwe tu.
Kumbe likifuata safu, wimbi limepata ushoroba;
likikatiza, kila ulanga ni mlango,
na kila mlango lazima lipige hodi.

Mghoi hakucheka. Alifungua ramani
ya lile tetemeko la Machi lililogonganisha sufuria zangu Pangani.
Akafuta nukta yake nyekundu kwa kifutio,
akapuliza vumbi la mpira,
akaichora upya, kilomita tatu mashariki.
"Niliihesabu ardhi kama ugali," akasema,
"popote ukimega ni sawa."
Chini ya lava nyeusi ya mji huu
wamelala ndugu za jiwe hili,
wameelekea wapi, hatujui bado.

Sasa bibi anataka jiwe lake.
Kimebaki kipande cha pembeni, Mghoi aniomba nikinyooshe.
Uso wa kunolea ufuate safu, au uzikatize?
Akapiga simu Mwatate, akaweka sauti juu.
Bibi, hata salamu hakungoja:
"Uzikatize. Ukizifuata kisu kinateleza tu.
Na nani huyo anayeuliza saa hizi?"

Nikawasha msumeno.