Ukungu

Nimetandika kanga ya Nyamizi juu ya sinia,
maana skrubu za lenzi ni ndogo kuliko punje ya ulezi
na sakafu ya nyumba hii ya Isevya ina nyufa zinazomeza.
Bisibisi ya saa. Bikari ya binti yangu ya shule,
ncha zake nimezinoa kwenye jiwe hadi zikaingia kwenye matundu ya pete.
Kifuniko cha mpira cha chupa ya dawa. Spiriti kidogo.
Umeme umekatika tangu saa nane.
Nafanya kazi dirishani, pumzi nimeibana;
vumbi la Julai la Tabora halipigi hodi.

Kuifungua kulichukua jioni moja.
Kuifunga, leo siku ya tatu.
Kila kipande nilikichora daftarini,
nikaandika namba, nikaandika kipi kinatazama mbele,
na bado kioo cha kati kinanicheka:
kimebinuka huku, kimebinuka na huku, karibu sawa.
Nakiinamisha, namtafuta dirisha ndani yake.
Upande huu dirisha dogo.
Upande huu dogo zaidi.
Basi. Hivyo.

Grisi ya zamani ilikauka kama nta kwenye mzinga uliohamwa.
Mpya nimeipaka kwa njiti ya kiberiti.

Kioo cha nyuma ndicho nilichokichelewesha.
Nilidhani ni kuvu. Nikafuta, nikapulizia pumzi, nikafuta.
Haikutoka.
Jasho lilishakula ule utando wa zambarau, kitambo,
likaacha mistari iliyozungukana
kama matuta ya shamba la viazi: alama ya dole.

Mwaka ule baba alimfukuza Kasonta.
Maharusi wa Ipuli walirudisha picha,
nyuso zimefifia kama wamepigwa jikoni penye moshi.
Wakulima wa tumbaku nao, za vitambulisho.
"Nani kagusa kioo?"
Kasonta alisema si yeye. Alisema mara mbili tu.
Akakunja aproni, akailaza kwenye kiti cha wateja,
akaishika kwa miguu barabara ya Sikonge.
Mimi nilikuwa na miaka saba, chini ya meza,
nakula karanga.

Dole hili ni dogo.
Lote linaenea ndani ya ukucha wangu wa leo,
na katikati limekatwa na mstari wa mshazari,
pale wembe wa kuchongea penseli ulipoteleza.
Naweka gumba langu kando.
Kovu langu linalalia kulia,
la kwenye kioo linalalia kushoto.

Nyamizi amepita na ndoo, ameuliza: imepona?
Nimesema bado.

Nimekirudisha mahali pake. Sina kingine.
Bikari imeteleza mara moja,
imeacha mkwaruzo utakaomshangaza fundi ajaye.
Uzi wa pete kubwa una milango sita ya kuingilia
na mmoja tu ndio wa kweli.
Nyuma nimebandika karatasi ya kufungia maandazi,
ile iliyolowa mafuta, inapitisha mwanga,
nikaelekeza kwenye tangi la maji la stesheni.
Mlango wa kwanza: tangi ni uji.
Wa pili, uji.
Wa tatu nikadhani ndio, nikajidanganya hadi chai ikapoa.
Wa nne tangi likaja kichwa chini,
na ngazi yake ya chuma, vipago vyote,
hata shati jekundu la mtu aliyekuwa anapanda,
kwangu mimi anashuka.
Na juu ya vyote weupe mwepesi,
kama ubaridi wa alfajiri usiotaka kuondoka.

Imebaki pete moja nyembamba kwenye sinia.
Daftari haliijui.

Nasikia Kasonta anauza asali ya madumu
karibu na kituo cha mabasi, Sikonge,
na kwamba jicho moja halioni tena.
Filamu ninayo moja, imepitwa na wakati miaka tisa.
Nitamwomba akae mahali penye kivuli, asiharakishe.
Picha ikitoka nitampelekea mwenyewe, mkononi.
Akiuliza mbona ina ukungu,
nitanyoosha gumba.