Sikio Halipiti Kichwa

Armas Hietala alirudi mara ya tatu katikati ya Januari,
theluji mabegani, kichwa cha sindano ndani ya kiberiti.
"Tuulikki," akasema, "na hiki nacho kinachechemea.
Besi, kulia, safi. Fidla, huko kushoto,
kama watu wanaopiga wakiwa ndani ya kabati."

Oktoba nilimuuzia cha sumaku, cha bei ya buti:
hakilalamiki, sindano ikichakaa unachomeka nyingine.
Desemba akapanda ngazi, akataka cha koili,
nyuzi nyembamba kuliko unywele wa kichanga,
zinazonong'ona hadi amplifaya ijikaze kusikia.
Nikamwonya, mchagua nazi hupata koroma.
Akahesabu noti mezani polepole,
kama anayemlipa daktari.

Basi safari hii nilifunga duka mapema, nikamfuata,
ng'ambo ya maporomoko, ghorofa ya nne, lifti mbovu,
mkobani pimamaji, kioo, kibano,
mizani ya gramu, bisibisi kama kijiti cha meno.

Kiputo cha pimamaji kikatulia katikati.
Uzito, gramu moja na nukta nane. Nikaongeza kidogo:
watu huogopa sindano nzito,
kumbe nyepesi ndiyo inayorukaruka na kukwaruza.
Kioo juu ya sahani, sindano juu ya kioo,
almasi ikajibusu, wima, bila bega kuinama.
Nikalegeza skrubu mbili, nikasogeza kichwa
unene wa ukucha, nikakirudisha nusu ya ukucha,
hadi pua yake ikafuata mistari ya karatasi.
Skrubu hizi hukazwa kwa pumzi.

"Haya, keti."
Akaketi, akafumba macho.
"Bado," akasema. "Kabati."

Nikachomoa nyaya nne nyuma ya kichwa,
nyeupe, nyekundu, bluu, kijani,
za kushoto nikazipa kulia, za kulia kushoto.
Fidla nikazisikia kwa masikio yangu
zikivuka zulia kwenda upande wa jiko.
"Fidla zimetoka," akasema Armas. "Besi zimeingia."

Nikahamisha spika. Yaleyale.
Nikahamisha waya za amplifaya. Yaleyale.
Nje taa za barabarani zilishawaka, saa kumi tu.
Nikasimama na kibano mkononi,
nikatazama kila kitu chumbani ambacho sijakigeuza.

"Geuza kiti, Armas. Zipe spika kisogo."

Akacheka, akageuza.
Nikashusha sindano penye mfuo uleule.
Akasikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
"Kabati," akasema, "limehamia jikoni."

Akafumbua macho.
Akaligusa sikio lake la kushoto
kama mtu anayehakikisha ufunguo umo mfukoni.
Miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha nguo,
safu ya sita. "Mashine yangu," akasema,
"ilikuwa upande huu."

Wahenga walisema sikio halipiti kichwa.
Mimi nimemuuzia vichwa viwili,
na sikio limevipita vyote.

Nikataka kumrudishia pesa za cha koili. Akakataa.
Akamimina kahawa, akakata mkate mweusi,
siagi akaipaka hadi pembeni kabisa, kwa makini,
kama vile nami nina skrubu za kukazwa.
"Vipo bado," akauliza, "vile vichwa vya kizamani,
vya njia moja? Pande zote mbili zikisema neno moja?"
"Vipo. Vizito. Gramu tatu, hata nne."
"Santuri zangu zitavumilia?"
"Za zamani, ndiyo. Hizo mpya kidogo, tutaona."
"Niletee Alhamisi."

Nikarudisha nyaya, nyeupe penye nyeupe,
nikafuta alama ya kidole changu kwenye kioo.
Santuri ilikuwa imeisha, sindano ikizunguka mfuo wa mwisho,
tik, tik, na yeye bado
hajageuza kiti.